Namna ya Kubeba Panga, Mundu na Kisu cha Kazi Kihalali katika Mashamba ya Uingereza

Mkulima wa Muheza au wa Kisii akitoka nyumbani alfajiri na panga mkononi, hakuna anayegeuka kumtazama. Panga lilelile likionekana mkononi mwa mtu kando ya barabara ya Lincolnshire, polisi wataitwa, na aliyelibeba atatakiwa kueleza kwa nini analo. Asipokuwa na maelezo yanayokubalika kisheria anaweza kufungwa hadi miaka 4, hata kama hakumtishia mtu yeyote.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu kila msimu wa mavuno wageni wanaokuja kufanya kazi za shamba huuliza maswali yaleyale: je, naruhusiwa kutembea na kisu changu cha kazi? Je, panga limepigwa marufuku? Je, mwajiri akiniruhusu inatosha? Majibu yapo, na si magumu, ila yanahitaji kusomwa kwa utulivu kabla ya siku ya kwanza kazini. Ninazungumzia England na Wales tu. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao, nami nitagusa Scotland kidogo mwishoni.

Kuna jambo moja la kulielewa kabla ya mengine yote. Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988, kifungu cha 139, inakataza kuwa na kitu chenye makali au ncha mahali pa umma, kisha inampa mshtakiwa utetezi akithibitisha kwamba alikuwa nacho kwa ajili ya kukitumia kazini. Kwa hiyo sheria haimpi mfanyakazi wa shamba kibali cha kubeba kisu kwa kuwa yeye ni mfanyakazi wa shamba. Inamlinda pale tu ambapo kisu na kazi vinakutana: saa hiyo, njia hiyo, kwa shughuli hiyo. Jumatatu asubuhi ukielekea kukata koliflawa una utetezi. Jumamosi usiku ukiwa mjini na kisu kilekile mfukoni, utetezi huo huna.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rula au futi ya kupimia, yenye inchi na sentimita.
- Orodha ya kila kifaa chenye makali utakachotumia, pamoja na picha zake kwenye simu.
- Barua ya mwajiri kwa Kiingereza (nitaeleza yaliyomo katika hatua ya 4).
- Ala ya kila kisu na kila panga, pamoja na sanduku au mfuko unaofungika.
- Kitambulisho na namba ya simu ya msimamizi anayepokea simu hata alfajiri.

Hatua ya 1: Gawa vifaa vyako katika mafungu matatu

Fungu la kwanza ni kisu kidogo cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6, na ambacho hakina komeo la kuuzuia ubavu (bapa la chuma lenye makali) usijikunje. Hicho unaweza kuwa nacho mahali pa umma bila kutoa sababu, mradi hukukusudia kumdhuru mtu. Pima makali yenyewe, wala usikisie kwa macho.

Fungu la pili ni vifaa vya kawaida vya kazi: kisu cha kuvunia kabichi, mundu, panga la kawaida, shoka, kisu cha kupogolea, na kisu chochote cha kukunja chenye komeo. Hivi vyote vinahitaji sababu nzuri unapokuwa mahali pa umma, na hapa ndipo utetezi wa kazi unapofanya kazi yake.

Fungu la tatu ni silaha zilizopigwa marufuku kabisa. Kwa hizo utetezi wa kazi haupo, kwa sababu utetezi huo umewekwa katika kifungu cha 139, ilhali marufuku hii inatokana na kifungu cha 141 na amri zilizotungwa chini yake, au na sheria ya mwaka 1959 kwa visu vya kufyatuka. Tangu tarehe 14 Julai 2021 ni kosa kuwa na silaha za fungu hili hata ndani ya chumba chako mwenyewe.

*Onyo:* Kosa la kawaida zaidi lipo katikati ya fungu la kwanza na la pili. Watu hununua kisu kifupi cha kukunja chenye komeo wakidhani ufupi wake unawaokoa. Mahakama za Uingereza ziliamua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba kisu chenye komeo si kisu cha kukunja kwa maana ya sheria hii, hata makali yake yakiwa chini ya inchi 3. Kiweke fungu la pili na ukitendee hivyo.

Hatua ya 2: Kagua panga lako kwa makini zaidi kuliko kifaa kingine

Habari kwamba mapanga yamepigwa marufuku Uingereza zilisambaa sana mwaka 2024, na zilikuwa kweli nusu. Kilichopigwa marufuku tangu tarehe 24 Septemba 2024 ni aina fulani ya visu na mapanga ambayo Waingereza huyaita ya "zombi", na panga la kawaida la shambani si mojawapo. Ili panga liingie katika marufuku hiyo, lazima kwanza liwe na sifa zote tatu hizi: makali ya kawaida yasiyo na meno, ncha kali, na ubavu unaozidi inchi 8 (sentimita 20.3) kuanzia mwisho wa mpini hadi kwenye ncha. Kisha liwe na angalau moja kati ya hizi: makali yenye meno, ubavu wenye tundu zaidi ya moja, miiba, au ncha kali zaidi ya mbili.

Chukua panga lako na ujiulize maswali hayo kwa mpangilio huo. Panga la kawaida, lenye makali upande mmoja, mgongo mnene usio na kitu, na tundu moja tu la kulitundikia, halimo katika maelezo hayo. Panga lenye meno ya msumeno mgongoni na ncha kali linaweza kuwamo, na hili ndilo ninalowasihi watu waliangalie, kwa kuwa mapanga ya namna hiyo yaliuzwa kwa miaka mingi kama zana za bustani, na mengine bado yamelala katika mabohari ya zamani. Meno yaliyo karibu na mpini, yasiyozidi inchi 2, hayahesabiwi. Meno yanayoendelea zaidi ya hapo yanahesabiwa.

Kagua pia mambo matatu yafuatayo:

- Kisu kinachofunguka kwa kubonyeza kitufe au kwa msaada wa springi, hata kama kiliuzwa kama kisu cha mkulima au cha mvuvi, kimo katika marufuku ya visu vya kufyatuka.
- Tangu tarehe 1 Agosti 2025 upanga wa aina ya ninja umepigwa marufuku. Huo una ubavu ulionyooka wenye inchi 14 hadi 24 na ncha iliyokatwa kwa pembe. Panga lenye tumbo lililopinda si upanga huo, lakini ukikuta kifaa kirefu kilichonyooka na chenye ncha ya namna hiyo, usikishike mpaka msimamizi amekithibitisha.
- Usifunge kamba ndefu wala mnyororo kwenye mundu. Orodha ya silaha zilizopigwa marufuku tangu 1988 inataja mundu uliofungwa kamba, waya au mnyororo, kwa kuwa ni silaha ya kale ya Kijapani. Anayefunga kamba ili mundu usipotee kwenye majani ana nia njema, lakini maelezo ya sheria hayatazami nia hiyo. Paka mpini rangi nyekundu badala yake.

Hatua ya 3: Mwachie mwajiri ununuzi

Zana za kazi ni jukumu la shamba. Anayeajiri anatakiwa na sheria za usalama kazini kutoa zana zinazofaa na kuzitunza, pamoja na glavu zisizokatika zinapohitajika, bila kukutoza. Zana ikiwa ni mali ya shamba, ikiwa na namba ya shamba na inalala shambani, maswali mengi ya mwongozo huu hayatakuhusu kabisa.

Ukilazimika kununua mwenyewe, fahamu kwamba ni kosa kumuuzia kisu mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo utaombwa kitambulisho. Ukiagiza mtandaoni, agiza kwa anwani ya shamba. Usafirishaji wa vifaa vyenye makali kwenda kwenye nyumba za kuishi tu una masharti ya kuthibitisha umri mlangoni, na vifurushi vingi hurudishwa kwa sababu hiyo. Usipakie panga la nyumbani kwenye begi la safari kutoka Nairobi au Dar es Salaam. Huna haja nalo, na kueleza kwa nini umelibeba uwanja wa ndege ni mwanzo mbaya wa msimu.

Hatua ya 4: Pata barua ya mwajiri

Sheria haidai barua. Hata hivyo mzigo wa kuthibitisha kwamba kisu kilikuwa cha kazi uko juu yako, na karatasi iliyosainiwa husaidia sana pale ambapo Kiingereza chako kinakwama. Barua iwe na jina la shamba na anwani, jina lako kamili, kazi unayofanya, aina ya kifaa na urefu wake, siku na saa za zamu, njia ya kawaida kutoka makazi hadi shambani, tarehe ya mwisho wa matumizi ya barua, na namba ya simu ya msimamizi.

*Onyo:* Barua inayosema tu kwamba "mfanyakazi huyu anaruhusiwa kubeba visu" haina nguvu yoyote. Mwajiri hana mamlaka ya kutoa ruhusa hiyo. Anachoweza kufanya ni kushuhudia kwamba kazi ipo na inahitaji kifaa hicho.

Hatua ya 5: Acha zana shambani mwisho wa zamu

Mashamba mengi ya mboga huhesabu visu asubuhi na jioni, na kila kisu kina namba. Fuata utaratibu huo hata kama unakuchelewesha foleni ya basi. Kama shamba halina utaratibu, omba kabati moja lenye kufuli. Kisu kilicholala bohari hakiwezi kukuingiza matatani usiku.

Hatua ya 6: Ukilazimika kusafiri na kifaa, safiri nacho hivi

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Gari lililo barabarani ni mahali pa umma kwa madhumuni ya sheria hii, na kisu kilicho ndani yake kinahesabiwa kuwa unacho. Basi, kituo cha treni, maegesho ya duka na barabara ya kijijini ni vilevile.

Kwanza, weka kifaa kwenye ala, ala ndani ya sanduku, na sanduku kwenye buti ya gari au mahali usipoweza kukifikia ukiwa umekaa. Kwenye basi, kiwe ndani kabisa ya mfuko uliofungwa, wala kisiwe kiunoni. Pili, beba vifaa vya siku hiyo tu. Anayekwenda kuvuna brokoli akiwa na kisu cha kuvunia anaeleweka, lakini akiwa na kisu hicho, shoka na panga, ataulizwa panga ni la nini. Tatu, nenda moja kwa moja. Ukipitia dukani kununua mkate, acha sanduku limefungwa ndani ya gari lililofungwa. Ukipanga kwenda kunywa na wenzako baada ya kazi, rudisha kifaa kwanza, bila mjadala. Nne, vaa au beba kitu kinachoonyesha kazi: buti zenye udongo, glavu, fulana ya kuakisi mwanga. Sheria haidai mavazi hayo, ila huungana na maelezo yako kuwa habari moja inayoaminika.

Hatua ya 7: Tambua njia za umma zinazopita shambani

Kwetu shamba ni shamba. Huku kuna njia za miguu zinazokatiza katikati ya mashamba ya watu binafsi, na kila mtu ana haki ya kupita. Njia hiyo ni mahali pa umma hata kama kushoto na kulia ni kabichi za mwajiri wako. Ukiwa unafanya kazi hapo una utetezi wako kamili, lakini tembea na makali yakitazama chini, mundu ukiwa kwenye ala unapohama mstari, na usimwelekezee mpita njia kwa panga unapomwonyesha njia. Sisi tuliozoea kuelekeza kwa chochote kilicho mkononi tunapaswa kujizuia hasa katika hilo. Mashamba yanayowakaribisha wateja wachume matunda wenyewe, pamoja na maduka ya shambani, yahesabu kwa namna ileile.

Hatua ya 8: Ukisimamishwa na polisi

1. Simama, mikono ionekane, usiingize mkono mfukoni kutafuta barua.
2. Sema mapema kwamba una kifaa cha kazi na kilipo, kabla hakijaonekana.
3. Eleza sababu yako kwa sentensi fupi: unafanya kazi gani, shamba gani, unakwenda au unarudi saa ngapi.
4. Toa barua na namba ya msimamizi.
5. Ukipekuliwa, una haki ya kuelezwa sababu ya upekuzi na kituo anachotoka askari, na unaweza kuomba nakala ya kumbukumbu ya upekuzi ndani ya miezi 3.

*Onyo ambalo ningependa likumbukwe kuliko yote:* Usiseme kamwe kwamba kisu ni cha kujilinda. Wengi husema hivyo kwa nia safi, kwa kuwa njia ni ya giza na wao ni wageni. Lakini chini ya Sheria ya Kuzuia Uhalifu ya mwaka 1953, kifaa chochote ulichobeba ukikusudia kumjeruhi mtu nacho ni silaha, hata kama kilitengenezwa kukatia kabichi. Neno hilo moja linaweza kuibadilisha zana yako kuwa silaha kwa ushahidi wako mwenyewe. Na kama kweli unabeba kisu kwa ajili ya kujilinda, acha kukibeba. Mweleze msimamizi kwamba njia inakutia hofu, na ombeni usafiri kwa pamoja.

Ukikamatwa, omba mambo mawili kabla ya mahojiano: wakili, ambaye kituoni ni bure kwa kila mtu bila kujali kipato, na mkalimani wa Kiswahili. Usikubali kuhojiwa kwa Kiingereza cha kubahatisha kwa aibu ya kuonekana hujui.

Mambo yakienda kombo

*Nimegundua kisu cha kazi mfukoni nikiwa mjini siku ya mapumziko.* Kusahau peke yake si sababu nzuri. Katika shauri la Gregson, mshtakiwa alisema alikitumia kisu kazini siku 6 kabla na akasahau kwamba anacho, na mahakama ya juu haikukubali kwamba kusahau kunatosha. Usikionyeshe kwa mtu, usiendelee na matembezi. Kirudishe shambani au kwenye makazi kwa njia fupi zaidi.

*Mwajiri ananiambia nije na kisu changu kila siku.* Mwombe kwanza kabati. Akikataa, mwombe aandike agizo hilo katika barua ya hatua ya 4, na usafiri kwa kufuata hatua ya 6.

*Nimehamishiwa shamba lingine katikati ya msimu.* Barua ya zamani haina maana tena. Usisafiri na zana mpaka umepata mpya, kwa sababu jina la shamba lisilolingana na maelezo yako ni baya kuliko kutokuwa na barua.

*Nimekuta panga lenye meno na ncha kali bohari.* Usilichukue kwenda nalo kituo cha polisi bila kuuliza. Mwarifu msimamizi, naye apige simu namba 101, ambayo ni ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura, aelekezwe namna ya kulisalimisha.

*Polisi wamechukua kisu lakini hawakunikamata.* Omba stakabadhi, andika jina au namba ya askari, saa na mahali, kisha mpe msimamizi taarifa siku hiyohiyo. Usinunue kingine haraka ili kuficha kilichotokea.

*Nimeambiwa nikiri kosa ili yaishe.* Ongea na wakili kwanza. Onyo rasmi au hukumu huweza kuathiri maombi yako ya viza ya msimu ujao, hata kama umerudi nyumbani siku hiyohiyo. Kama kisu kilikuwa cha kazi kweli, barua, ratiba ya zamu na hati za malipo ni ushahidi ambao wakili anaweza kuutumia, kwa hiyo usiutupe mpaka msimu umekwisha na umerudi kwenu.

*Ninakwenda kuvuna matunda Perthshire, Scotland.* Sheria ya kule ni nyingine, ya mwaka 1995. Nayo inamlinda anayebeba kifaa kwa ajili ya kazi, lakini maelezo ya silaha zilizopigwa marufuku hayalingani neno kwa neno na ya England. Mwombe mwajiri wa kule akague orodha yako na picha zako upya kabla hujavuka mpaka na kifaa chochote, na ikiwezekana uvuke mikono mitupu, ukapewe zana hukohuko.